Mbuzi, Tortilla na Ukwaju: Chakula cha Mchana kwa Wameksiko wa Pilsen, Chicago

Yeyote aliyetoka Afrika Mashariki akaishi Chicago anajua ilivyo shida kupata nyama ya mbuzi iliyopikwa na mtu anayeijua. Mimi shida hiyo huimalizia Pilsen, mtaa wa Wameksiko ulio kusini-magharibi mwa katikati ya jiji, katika mgahawa mdogo wa familia kando ya Mtaa wa 18, ambako nimekuwa nikila chakula cha mchana mara kwa mara. Jina la mgahawa sitaliandika, kwa kuwa baadhi ya mambo nitakayoyalalamikia yamezoeleka katika migahawa mingi ya aina hii, na si haki familia moja ibebe lawama ya wote. Atakayeshuka kituo cha 18th kwenye njia ya treni ya Pink, ambacho kuta na ngazi zake zimejaa michoro ya rangi, atakuta migahawa ya namna hii imefuatana upande huu na huu wa barabara.

Pilsen ulikuwa kwanza mtaa wa wahamiaji wa Kicheki, waliouita kwa jina la mji wa kwao. Wameksiko waliongezeka katika miaka ya 1950 na 1960, hasa baada ya familia nyingi kuondolewa katika eneo la jirani ili kupisha ujenzi wa kampasi ya Chuo Kikuu cha Illinois, iliyofunguliwa mwaka 1965. Nalitaja hilo kwa sababu linaonekana mezani: wapishi wa hapa wanawapikia kwanza watu wa kwao, mafundi wa ujenzi wanaoingia na viatu vyenye vumbi la saruji, akina mama na watoto wao, wazee wanaosoma gazeti la Kihispania, na mgeni hupewa chakula kilekile bila kupunguziwa pilipili.

Chakula kilichonivuta ni birria, nyama ya mbuzi ya mchuzi, ambayo asili yake ni jimbo la Jalisco nchini Meksiko. Mbuzi hakuwa mnyama wa Meksiko. Aliletwa na Wahispania katika karne ya 16, lakini wenyeji walimpika kwa vitu vya kwao na kwa viungo vilivyokuja na meli. Nyama hulazwa katika rojo la pilipili kavu zilizokaangwa bila mafuta, zikaroweka, zikasagwa pamoja na kitunguu saumu, siki, bizari nyembamba, karafuu na mdalasini, kisha hupikwa kwa moto mdogo kwa saa nyingi mpaka iachie mfupa yenyewe. Bakuli linalokuja mezani lina nyama yenye mifupa, imezama katika mchuzi mwekundu wenye matone ya mafuta yanayoelea juu. Pembeni huwekwa sahani ya kitunguu kilichokatwa vidogo sana, majani ya giligilani, vipande vya ndimu na pilipili ya kusaga. Aliyezoea supu ya mbuzi ya asubuhi, ile ya Dar es Salaam inayoliwa kwa chapati na ndimu, hahitaji kufundishwa namna ya kuila. Pilipili zile kavu zina rangi kali kuliko ukali wenyewe. Ladha yake ni ya utamu wa mbali na moshi kidogo, na ndiyo inayoondoa shombo la mbuzi bila kuificha nyama. Anayetaka kuwaka mdomo atumie ile ya kusaga, lakini aanze na tone.

Jambo moja la kuangaliwa wakati wa kuagiza ni kwamba siku hizi birria ya ng'ombe, hasa ile inayotiwa pamoja na jibini ndani ya taco, yaani tortilla iliyokunjwa, imeenea mno, na mhudumu akiona mgeni anaweza kudhani ndiyo anayoitaka. Kwa Kihispania, mbuzi ni chivo na nyama ya ng'ombe ni res. Ya ng'ombe si mbaya, ila ni nzito, na jibini huufunika mchuzi ambao kwangu ndio sababu ya kwenda.

Sasa nije kwenye tortilla, zile chapati nyembamba za mahindi, ambazo naamini ndizo zinazotenganisha mgahawa wa kweli na mgahawa wa kujaza tumbo. Karibu na dirisha anasimama mama mmoja mbele ya bamba pana la chuma lililo juu ya moto. Hukata donge dogo, akalibana kwa kifaa cha mkono, akalitandaza juu ya chuma, akaligeuza kwa ncha za vidole mara ya kwanza na ya pili, na katika mgeuzo wa mwisho huligusa katikati kidogo tu, nalo likavimba kwa hewa na kutua tena likiwa na madoa ya kahawia. Huja mezani zimefungwa ndani ya kitambaa, za moto, zikinukia mahindi.

Sisi ni watu wa mahindi, tena tunayala kila siku, lakini unga wetu wa sembe hauwezi kusukumwa ukawa chapati nyembamba isiyovunjika. Siri ya Wameksiko ni chokaa. Punje kavu huchemshwa katika maji yaliyotiwa chokaa, zikaachwa humo usiku kucha, zikaoshwa hadi ganda la nje litoke, kisha zikasagwa zikiwa bado na maji. Chokaa hulegeza ganda, hufanya donge lishikane, na zaidi ya yote huifungua niasini, yaani vitamini B3, ambayo katika mahindi ya kawaida imefungamana kiasi kwamba mwili hauwezi kuitumia vizuri. Mahindi yalipotoka Amerika na kusambaa duniani, maarifa haya hayakusafiri pamoja nayo, na mahali ambapo maskini walikula mahindi karibu peke yake, kama kaskazini mwa Italia na baadaye kusini mwa Marekani, ugonjwa wa pelagra, unaoletwa na upungufu wa niasini, uliua watu wengi. Hata wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi mwaka 1990 walipatwa na mlipuko wake. Nikiishika tortilla hii mkononi nawaheshimu kwa dhati wale waliogundua jambo hilo maelfu ya miaka iliyopita bila maabara. Mhudumu aliniambia kwamba donge lao hutoka kila asubuhi katika kiwanda cha jirani kinachochemsha mahindi yake chenyewe, na tofauti yake na tortilla za pakiti za dukani huhisiwa tangu kwenye tonge la kwanza.

Kasoro zipo, na moja ni kubwa kwa wasomaji wengi wa Kiswahili. Maharage ya kupondwa yanayoandamana na karibu kila sahani hukaangwa kwa mafuta ya nguruwe, na orodha ya vyakula haisemi lolote. Nilikwenda pale na rafiki yangu Mwislamu wa kutoka Tanga, naye kwa bahati nzuri aliuliza kabla ya kugusa. Mhudumu alimwita mwenye mgahawa, mama wa makamo, ambaye alimjibu kwa upole: “Binti yangu, hayo yana mafuta ya nguruwe. Ngoja nikuletee ya kuchemsha na chumvi tu.” Aliyaleta, wala hakuyatoza. Namshukuru kwa ukweli wake, lakini ukweli huo ulipaswa kuandikwa, maana si kila mtu atauliza. Tortilla za ngano nazo mara nyingi hukandwa kwa mafuta hayohayo. Za mahindi hazina. Nyama yao haichinjwi kwa taratibu za Kiislamu, kwa hiyo rafiki yangu alikula tortilla za mahindi zenye jibini, kitunguu na majani ya dungusi yaliyochomwa, na alizisifu, ingawa nilisikitika kwamba hakuweza kuonja mbuzi.

Wali wao mwekundu ni wa kawaida kabisa, umekauka, na mtu wa pwani hatauheshimu. Televisheni huachwa kwa sauti ya juu hata mazungumzo ya mezani yakawa kazi.

Vinywaji, kwa upande mwingine, vilinipa furaha ambayo sikuitarajia. Juu ya kaunta kuna mitungi mikubwa ya kioo, mmoja wa maji ya mchele na mdalasini, mmoja wa maua mekundu ya choya, na mmoja wa ukwaju. Choya na ukwaju vyote vina asili ya Afrika, na Wameksiko wamevifanya vyao kabisa. Ukwaju wao hawauchuji sana, hivyo nyuzi za tunda hubaki chini ya glasi, na sukari wameiweka kwa kiasi ambacho ukali wa tunda unabaki. Pamoja na mchuzi wa mbuzi, hakuna kinachofaa zaidi.

Sahani ya birria nililipa dola 17, ukwaju mbali, kisha kodi. Bakshishi ya asilimia 18 hadi 20 ni desturi ya Marekani na haifai kuikwepa, kwa sababu wahudumu wanaitegemea. Ni vyema kufika kabla ya saa saba mchana siku za Jumamosi na Jumapili, kwani mbuzi huisha mapema na hawapiki chungu cha pili. Mwenye nafasi baada ya kula anaweza kutembea hadi Makumbusho ya Taifa ya Sanaa ya Meksiko, yaliyofunguliwa mwaka 1987 katika mtaa huohuo na ambayo hayatozi kiingilio.

Birria huuzwa pia kwa ratili kwa anayetaka kupeleka nyumbani. Mchuzi hutiwa katika chombo chake na nyama katika chake, na ni heri kuvipasha moto pamoja polepole jikoni kuliko katika maikrowevu, ambayo huikausha nyama. Tortilla zipashwe moja moja juu ya kikaango kikavu, nusu dakika kila upande, na zifunikwe kwa kitambaa mpaka zitakapoliwa.