Kujitolea kwa masista wa Mama Teresa: maoni yangu kwa aliyepoa kiimani

Watu huandika maoni kuhusu hoteli, saluni na kumbi za harusi. Mimi naandika kuhusu huduma isiyo na bei, kwa sababu anayekwenda huko anatoa Jumamosi yake nzima, na mtu anayetoa Jumamosi yake anastahili kuambiwa mapema anakwenda kukuta nini.

Nazungumzia kujitolea katika nyumba ya Wamisionari wa Upendo, wale masista wa sari nyeupe zenye michirizi ya buluu, hapa Dar es Salaam. Mtaa siutaji. Wanaoishi humo ni wagonjwa na wazee ambao hawakuomba kutangazwa. Ukiuliza parokiani kwako utaelekezwa.

Mimi ni mama wa makamo, Mkatoliki, katibu wa jumuiya ndogo ya Kikristo mtaani kwetu, mwanakwaya tangu usichana. Mwaka juzi nilipoa. Hakukuwa na msiba, sikuwa na ugomvi na paroko, wala ndoa haikuyumba. Misa ya kwanza nilikwenda kila Jumapili, taarifa za jumuiya nilisoma, sauti ya pili niliimba, kisha nikarudi nyumbani na ndani hamna kitu. Rozari ilikuwa inaisha mkononi nisijue nimesali fumbo gani. Watoto wameshatoka, kila mmoja na maisha yake, na kazini nasubiri kustaafu. Usiku nilikuwa najiuliza Mungu ananiweka kwa ajili gani, na hilo swali ndilo lililoniumiza kuliko ukavu wenyewe.

Nilikwenda mafungo, nayo yalikuwa mazuri, padre aliyeyaongoza ana hekima. Nikasali novena. Nikahudhuria semina ya wanakarismatiki, nikawaona wenzangu wakilia kwa furaha. Sitaki kudharau hata kimoja katika hivyo. Ila baadaye nimetambua kwamba kote huko nilikuwa na kazi moja tu, kujichunguza. Nikisali najipima kama nimeguswa. Nikikaa mbele ya Ekaristi nasikiliza moyo wangu unasemaje.

Mama mmoja wa WAWATA, umoja wa Wanawake Wakatoliki Tanzania, ndiye aliyenivuta. Alisema, "Dada, Jumamosi twende kwa masista. Wana shuka nyingi na mikono michache." Hakuongeza neno la faraja wala mstari wa Biblia.

Sasa huduma yenyewe. Ukifika asubuhi, hupewi semina. Sista atakusalimia Tumsifu Yesu Kristo, atakuuliza umetoka parokia gani, kisha atakuonyesha makaro ya kufulia. Nguo zinafuliwa kwa mkono, na masista wenyewe wanafua hivyo hivyo, ni mtindo wa maisha yao. Shuka za usiku zinakuja na kila kitu, naomba nieleweke. Zinamwagiwa maji kwanza, zinalowekwa, zinafuliwa, zinasuuzwa hadi maji yatoke meupe. Halafu mnakuwa wawili, kila mmoja ncha yake, mmoja ananyonga kulia na mwingine kushoto mpaka tone la mwisho. Mgongo unauma. Wanawake tusiojuana, kutoka parokia mbalimbali, tunajikuta tunaimba wimbo wa Bikira Maria bila aliyeuanzisha kujulikana.

Baada ya shuka ni uji. Nilipewa bibi mmoja aliyepooza upande wa kushoto. Sista alinionyesha mara moja tu: kijiko kiwe nusu, kipite upande wa kulia wa mdomo, kisha subiri. Unatazama koo. Likipanda na kushuka, ndipo unaleta kingine. Ukiharakisha anapaliwa. Kikombe kimoja kinaweza kuchukua karibu nusu saa. Na nilipokuwa nalitazama koo lile la bibi wa watu, lenye mikunjo na mshipa unaocheza, nilikuwa nalitazama kwa makini ambayo sikuwa nimempa Mungu wala mtu kwa muda mrefu sana. Kwa nusu saa ile sikuwa najichunguza. Hapakuwa na nafasi.

Huo ndio uzuri wa huduma hii, na sijauona mahali pengine. Kazi ina saa yake na mwenye kuihitaji ana sura yake. Bibi hajui jina langu, ananiita "wa uji". Nikiingia wodini anageuza kichwa na kufungua mdomo kabla sijakaa. Niliyekuwa nalala nikijiuliza nipo kwa ajili gani, kumbe kuna mtu ananisubiri na kikombe.

Sala zilirudi kwa njia ambayo sikuitegemea. Sikuanza kusikia utamu wowote. Nilianza kuwa na watu wa kuwaombea. Kijana mwenye kifafa aliyeanguka na kuchubuka paji la uso. Mzee anayesisitiza kwamba ndugu zake wa Kigoma watakuja kumchukua. Yule bibi na koo lake. Fumbo la rozari moja, mtu mmoja. Sasa najua nimesali fumbo gani.

Hapa lazima nieleze jambo kuhusu mwanzilishi wao, kwa sababu ndilo lililonifanya nibaki hata baada ya hamu ya mwanzo kuisha. Mama Teresa alizaliwa Skopje mwaka 1910, akawa sista wa shirika la Loreto na mwalimu huko India. Tarehe 10 Septemba 1946, akiwa kwenye treni ya kwenda Darjeeling, alisikia wito wa kuwaendea maskini kuliko wote. Shirika lake liliidhinishwa mwaka 1950, na mwaka 1952 akafungua nyumba ya wanaokufa pale Kalighat, Kolkata. Hayo wengi wetu tunayajua. Pia tunajua, au tunapaswa kujua, kwamba nyumba yao ya kwanza Afrika ilifunguliwa kwetu, Tabora, mwaka 1968.

Ambalo sikulijua ni kwamba alipoanza kazi ile, faraja ya sala ilimtoka. Barua zake kwa waungamishi na washauri wake wa kiroho zilichapishwa mwaka 2007, miaka kumi baada ya kifo chake, na zinaonyesha giza la karibu nusu karne. Anaeleza kwamba hamsikii Mungu, kwamba akisali hapati jibu. Mwaka 1958, baada ya kifo cha Papa Pius XII, giza lilimwondokea kwa wiki chache, kisha likarudi. Katika giza hilohilo alifungua nyumba karibu kila bara, akapokea tuzo ya Nobeli mwaka 1979, akaendelea kuamka alfajiri na kuosha vidonda. Padre Joseph Neuner, Mjesuiti, ndiye aliyemsaidia kuelewa kwamba giza lile lilikuwa upande wa kiroho wa kazi yake, namna ya kushiriki upweke wa maskini aliowatumikia. Papa Fransisko alimtangaza mtakatifu tarehe 4 Septemba 2016.

Niliposoma habari hizo nililia, na si kwa huzuni. Kumbe mama huyu hakuwa akitoa upendo kutoka kwenye ghala lililojaa. Alikuwa mkavu kuliko mimi, na shuka zilifuliwa. Katika kanisa dogo la kila nyumba yao, kando ya msalaba, yameandikwa maneno ya Yesu msalabani, "Naona kiu." Nilikuwa nimeyasoma pale mara nyingi nikiwaza kiu yangu mimi. Siku hizi nikiyaona naenda kuchota maji.

Kwa hiyo nikitoa hukumu yangu, ni hii. Kama unakwenda ili upate tena ile raha ya siku ulipookoka au ulipopata Kipaimara, siwezi kukuahidi. Mimi raha hiyo haijarudi yote. Hutokea siku moja moja, kwenye wimbo au wakati wa Komunyo, kisha inapotea. Lakini ukitaka kujua unaishi kwa ajili gani hata moyo ukiwa kimya, sijaona huduma bora kuliko hii, na nimezijaribu nyingi.

Kuna wanaoikosoa kazi ya shirika hili, na ni haki kulisema. Mwaka 1994 jarida la kitabibu la Uingereza, The Lancet, lilichapisha makala ya mhariri wake, Robin Fox, aliyetembelea nyumba ya Kolkata. Alisifu usafi, utunzaji wa vidonda na upole wa wahudumu, lakini akalalamikia uchunguzi hafifu wa magonjwa na ukosefu wa dawa kali za maumivu. Nina mdogo wangu ambaye ni muuguzi, naye anaona hoja hiyo ni nzito. Nami nakubaliana naye: upendo usiotuliza maumivu pale inapowezekana haujamaliza kazi. Ndiyo maana nawasihi madaktari, wafamasia na wauguzi Wakristo wasome maoni haya kama mwaliko wao hasa. Sisi wa mabeseni tupo. Daktari anayetoa asubuhi moja kwa mwezi anaweza kuleta kitu ambacho mikono yangu haiwezi.

Nani asiende? Vikundi vinavyokuja na bango, keki na mpiga picha. Naandika hili kwa uchungu. Mzee aliyelala hana nguvu ya kugeuza uso, na mtu anampiga picha akiwa amemshikia sabuni. Injili ya Mathayo sura ya 25 inatosha: "kadiri mlivyomtendea mmojawapo wa hao ndugu zangu walio wadogo, mlinitendea mimi." Simu iache kwenye mkoba, na mkoba uache kwa sista.

Pia asiende mtu aliye kwenye msiba mbichi au anayehitaji daktari wa akili. Kupoa ni jambo moja, sonona ni jambo jingine. Kama huli, hulali, na unawaza kufa, tafuta msaada wa kitaalamu kwanza. Wagonjwa wale watakuwepo utakapopona.

Si lazima uwe Mkatoliki. Karibu yangu anafua mama wa Kilutheri, na yupo kijana wa Kipentekoste anayewanyoa wazee ndevu kwa wembe wa kila mtu wake. Hakuna aliyeulizwa kadi ya ubatizo. Wakati wa sala ya pamoja anayetaka anaingia, asiyetaka anaendelea na kazi.

Gharama ni nauli tu. Chakula cha mchana usitegemee, kula kabla. Cheti hakuna, na barua ya kuthibitisha kwamba umejitolea usiiombe. Masista hawapokei mshahara. Ukitaka kupeleka kitu, uliza kwanza kinachopungua. Nilipouliza mimi niliambiwa sabuni ya mche na nepi za watu wazima, wakati wageni wengi huleta biskuti. Vaa nguo usiyoionea huruma, kanga ya kujifunga kiunoni, na ndala zenye meno, maana sakafu ya pale kwenye makaro inateleza. Kata kucha zako fupi kabla ya kuja kukata za wengine.

Na chagua siku moja uishike. Hili masista wanalikazia, nami naliunga mkono kwa nguvu zote. Mtu anayekuja kila Jumamosi kwa saa mbili anafaa kuliko anayekuja wiki nzima wakati wa Kwaresima kisha akapotea, kwa sababu wazee hawa wameshaachwa na watu wao. Kama ratiba yako haikuruhusu kurudi, waambie mapema, watakupa kazi ya jikoni au ya kufua badala ya kukukabidhi mgonjwa. Mchele wa kuchagua upo daima. Piga kengele ya getini baada ya saa mbili asubuhi, wakati Misa na chai vimeshaisha.