Soda, Mvinyo na Maji Yako Melini: Carnival, Royal Caribbean, Norwegian, Disney na MSC

Kwenye ukaguzi wa kupanda meli ya kitalii, kinywaji chako kinapimwa kwa mambo manne: kiko kwenye chombo gani, chombo kina ujazo gani, kimefungwa tangu kiwandani au la, na kiko kwenye begi lipi. Ukikosea moja tu, hata juisi ya mtoto inabaki gatini. Tathmini hii inahusu meli zinazoondokea Marekani, yaani Miami, Galveston kwa wanaoishi upande wa Houston, Baltimore kwa wa Maryland, pamoja na neno fupi kuhusu MSC ambayo walio Ghuba wanaikuta Dubai na Doha. Kampuni hubadilisha masharti, kwa hiyo yasome tena kwenye ukurasa wa kampuni wiki ya safari.

Kwa familia yenye watoto, Carnival ndiyo bora kwa soda. Kila abiria, mtoto akiwemo, anaruhusiwa makopo au pakiti za karatasi 12, kila kimoja kisizidi aunsi 12, ambazo ni mililita 355. Soda, juisi, maziwa na maji yenye gesi, vyote vinahesabiwa humo. Watu wanne wanapanda na makopo 48. Kwa safari ya siku 7 ni karibu makopo 7 kwa siku. Soda moja melini, ukijumlisha na bakshishi inayokatwa papo hapo, inazidi dola 3, hivyo akiba inaonekana. Gharama yake ni mgongo: katoni ya makopo 12 ina uzito wa kilo 4 na nusu hivi, na zote lazima uingie nazo mkononi siku ya kwanza. Chukua begi la magurudumu, na uziache kwenye katoni zake za dukani ili mkaguzi azihesabu kwa kutupa jicho. Kama una kiboksi cha baridi, Carnival inataka kisizidi inchi 12 kila upande.

Kosa kubwa hapa ni chupa. Tangu Julai 2015 Carnival haipokei vinywaji baridi vya chupa, iwe ya plastiki au ya kioo, maji yakiwemo. Watu walikuwa wakijaza gini na vodka kwenye chupa za maji na kuzifunga upya, na foleni ya ukaguzi ikawa ndefu kupita kiasi. Kwa hiyo Stoney Tangawizi ya chupa ya plastiki uliyoinunua duka la Waafrika haipiti, wala Barbican ya chupa ya kioo, hata kama haina kilevi. Vinywaji hivyo hivyo vikiwa kwenye kopo, vinapita. Mvinyo una nafasi yake: kila mtu mwenye miaka 21 au zaidi anaruhusiwa chupa moja ya mililita 750 ya mvinyo au shampeni. Ukiinywea chumbani, hulipi kitu. Ukiipeleka mezani kwenye mgahawa wa meli, kuna ada ya dola 15 ya kufunguliwa chupa.

Royal Caribbean wana kanuni inayofanana kwa mvinyo, chupa moja ya mililita 750 kwa kila mtu mzima, ila kwenye soda wana mkono wa birika: vyombo 12 kwa chumba kizima, si kwa kila mtu. Familia ile ile ya watu wanne inatoka makopo 48 hadi 12. Afueni yake ni kwamba wanapokea kopo, chupa au pakiti, na ujazo unafika aunsi 17, takriban nusu lita. Ukiwa na nafasi 12 tu, zijaze kwa chupa za nusu lita badala ya makopo madogo. Unapata lita 6 badala ya lita 4 na robo.

Norwegian huwashtua wengi, maana haikubali soda wala maji ya kawaida ya kutoka nje. Maji yaliyosafishwa au kukenekwa kwa ajili ya matibabu, kama ya mashine ya kupumulia usingizini, yanaruhusiwa yakiwa yamefungwa. Lakini kwa mpenzi wa mvinyo hii ndiyo meli tunayoipendekeza kuliko zote. Haina kikomo cha chupa. Unalipa dola 15 kwa kila chupa ya mililita 750 na dola 30 kwa ile ya lita moja na nusu, popote utakapoinywea. Piga hesabu: chupa ya dola 12 ukiongeza ada ya 15 inakuwa dola 27. Inatoa glasi 5 za mililita 150, kila glasi dola 5 na senti 40. Glasi ya baa melini ni ghali kuliko hapo, na bakshishi juu yake. Faida inakua kadiri mvinyo unavyokuwa mzuri, kwa sababu ada haibadiliki. Mvinyo wa boksi hawaupokei.

Disney wako peke yao kwa bia: mwenye miaka 21 anaingia na chupa 2 za mvinyo au bia 6 zisizozidi aunsi 12, na anaweza kurudia kila bandari meli inapotia nanga. Kwa safari ya vituo vinne, huo ni ukarimu wa kweli. MSC wako upande wa pili kabisa; vinywaji vya nje hawaviruhusu, na chupa yako inaishia mikononi mwa wakaguzi. Kwa wanaopandia Doha, kumbuka pia kwamba forodha ya Qatar hairuhusu abiria kuingiza pombe nchini, hivyo usianze safari ukiwa nayo.

Sasa begi. Wapagazi wa gatini huchukua masanduku makubwa na kuyapeleka hadi mlango wa chumba chako. Mvinyo ulioruhusiwa ukiwa ndani ya sanduku hilo, eksirei inauona, sanduku linazuiwa, na unaweza kukaa hadi jioni bila nguo za kubadilisha. Chupa iwe kwenye begi la mkononi. Anayefika kwa ndege ana kazi ya ziada, kwa sababu kwenye ndege mambo yamegeuka: kimiminika kinachozidi mililita 100 hakipiti kwenye begi la mkononi. Isafirishe chupa ndani ya sanduku, imeviringishwa kwenye nguo na mfuko wa nailoni, kisha ihamishie begi la mkononi kabla hujamkabidhi mpagazi sanduku. Rahisi zaidi ni kulala usiku mmoja mji wa bandari na kununua vyote huko. Chagua mvinyo wa kifuniko cha kuzungusha, uepuke kuanza kutafuta kifungulio cha kizibo.

Juisi ya ukwaju, togwa, tangawizi ya kuchemsha nyumbani, hata iwe safi namna gani, haina muhuri wa kiwanda na itachukuliwa. Uzuri ni kwamba majani ya chai na masala ya chai kwenye pakiti zilizofungwa havisumbui, na maji ya moto yanapatikana bure kwenye ukumbi wa chakula cha kujihudumia. Birika la umeme na hita ya kuchemshia maji usibebe. Vinahesabiwa kuwa hatari ya moto na vinachukuliwa mpaka mwisho wa safari. Kwa chai ya maziwa inayokolea kweli, ukiwa Carnival au Royal Caribbean, beba pakiti ndogo za maziwa ndani ya ile idadi ya 12, na chupa ya chai ya kutunza joto ikiwa tupu.

Maji ya kunywa usiyagharamie. Maji ya bomba melini mara nyingi hutokana na maji ya bahari yaliyokenekwa au kuchujwa kwa mgandamizo mkubwa, kisha kutiwa klorini, na meli zinazofika bandari za Marekani hukaguliwa na CDC, taasisi ya serikali ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, maji yakiwemo. Harufu kidogo ya klorini inapungua ukiyaacha wazi kwenye jagi ndani ya friji. Chupa tupu ya chuma ya lita moja ndiyo kifaa chenye faida kuliko vyote kwenye begi lako.

Friji za chumbani nyingi ni dhaifu, zinapooza tu. Mwombe mhudumu wa chumba ndoo ya barafu, uongeze maji hadi nusu, utie konzi ya chumvi. Kopo linakuwa baridi ndani ya nusu saa. Barafu peke yake bila maji inachelewa, kwa sababu haigusi kopo pande zote.

Kuficha pombe kali hatukushauri hata kidogo. Vifuko vya plastiki na chupa za dawa ya kusukutua kinywa zilizojazwa vodka yenye rangi ni mbinu ambazo wakaguzi wanazijua. Kinachokamatwa mara nyingi hakirudishwi, na kampuni ina haki ya kukuzuia kupanda. Hatari iliyo kubwa zaidi ni mtoto kukuta chupa hiyo bafuni.

Anayekunywa pombe kila siku alinganishe kwanza na kifurushi cha vinywaji, yaani kulipia vinywaji vya safari kwa pamoja badala ya kimoja kimoja. Carnival huweka kikomo cha vinywaji 15 vya kilevi kwa siku, na Royal Caribbean hutaka watu wazima wote wa chumba kimoja wanunue kama mmoja wao amenunua kile cha pombe. Mke asiyekunywa anaweza kukifanya kifurushi cha mume kuwa hasara.

Chupa ya tekila ukiinunua Cozumel, mkaguzi ataichukua unaporudi melini na kukupa risiti. Itunze, maana chupa inarudishwa mwishoni mwa safari. Tatizo ni kwamba usiku huo huo masanduku hutolewa nje ya mlango, hivyo unashuka na chupa mkononi. Kama unakwenda uwanja wa ndege, fungua sanduku kabla ya kaunta uiweke ndani, la sivyo itabaki kwenye ukaguzi wa abiria. Forodha ya Marekani kwa kawaida inasamehe ushuru kwa lita 1 kwa kila mwenye miaka 21; zinazozidi, zitaje mwenyewe kabla hujaulizwa.