Helmeti kwenye Pikipiki Iliyoegeshwa: Waya wa Kufuli au Sanduku la Nyuma?

Anayeegesha pikipiki karibu na soko la Marikiti, Mombasa, akaingia kununua viungo hurudi akijiuliza kama helmeti ingali pale. Mabishano ya vijiweni huwa kati ya waya wa chuma wenye kufuli na sanduku linalokazwa kwa boliti kwenye keria.

Kwa bei, waya hauna mshindani. Ila namna ya kuufunga ndiyo yenye maneno: ukiupitisha kwenye ukanda wa kidevuni pekee, kisu cha kumenyea viazi kinatosha kuukata ukanda huo, na mwizi ataondoka na helmeti huku waya wako ukibaki unaning'inia salama salimini. Kwa helmeti inayofunika uso mzima, uingie kwenye uwazi wa uso, utokee shingoni, upite ndani ya mkono wa jaketi kama nalo unaliacha, kisha ufungwe kwenye fremu. Mvua ya Mei, hata hivyo, italowesha vyote.

Sanduku huficha vitu, na kisichoonekana hakitamaniwi sana. Lakini masanduku mengi hutosha helmeti moja tu, ilhali sheria ya Kenya humtaka dereva na abiria kila mmoja avae yake. Tena jasho lililofungiwa humo, kwa joto letu hili, huzaa ukungu.

Chumvi ya bahari haibagui: kufuli zote huhitaji tone la mafuta.

Mhudumu wa bodaboda anayeshuka kwa dakika chache atatoshwa na waya. Anayeiacha pikipiki kutwa nzima Likoni ili avuke feri kwa miguu, sanduku litamfaa zaidi, na waya ubaki kwa helmeti ya pili.