Skrubu gani kwa kabati la bodi? Viungio vya kununua na vya kuacha dukani

Kabati la nguo la milango mitatu halipandi ngazi za ghorofa nyingi za Dar es Salaam likiwa zima. Mpangaji akihama, ama linafunguliwa vipande na kupakiwa kwenye Kirikuu, ama linauzwa kwa bei ya kutupa. Kwa hiyo kabla hujauliza bei ya skrubu, jiulize kabati hili litafunguliwa mara ngapi. Makabati ya jikoni yakishapigwa ukutani hayaguswi tena. La chumbani litafunguliwa kila unapohama. Mpangilio wangu unaanzia hapo.

Nazungumzia bodi zilizojaa madukani siku hizi, MDF (ya unga wa mbao uliogandishwa) na chipubodi (ya chenga za mbao) zenye melamini, ile ngozi ngumu ya rangi juu yake, unene wa milimita 16 au 18. Mbao ngumu kama mninga zina utaratibu wake.

Nafasi ya kwanza: konfirmati

Kwa makabati ya jikoni na mengine yanayokaa mahali pamoja, sioni cha kushindana nayo. Ni skrubu nene yenye uzi mpana, shingo isiyo na uzi, na kichwa cha kukazia kwa alenkii au bisibisi ya nyota. Kipimo kinachotumika zaidi kwa bodi ya milimita 18 ni 7 kwa 50, yaani milimita 7 unene na 50 urefu. Shingo inakaa ndani ya bodi ya kwanza, uzi unauma ukingo wa bodi ya pili, na unapokaza bodi mbili zinavutana hadi mwanga haupiti katikati. Sanduku la kina cha sentimita 30 linatosheka na mbili kila kona, yaani 8. La sentimita 60 liwekee tatu tatu, jumla 12.

Pesa usiibanie kwenye biti yake. Iko biti ya ngazi inayotoboa milimita 5 kwa ajili ya uzi, milimita 7 kwa ajili ya shingo, na kuchimba nafasi ya kichwa, vyote kwa mkupuo mmoja. Muuzaji anaweza kukuambia, "Bosi, toboa tu na biti ya 5, inaingia." Kuingia itaingia. Ila shingo ya 7 ikijilazimisha kwenye tundu la 5, melamini inainuka kuzunguka kichwa na bodi zinagoma kuvutana. Ukitumia biti nyembamba kuliko 5 kwenye ukingo wa MDF, ukingo unapasuka kama kitabu kilichofunguliwa. Kama biti ya ngazi haipatikani, tumia mbili: ya 7 kwenye uso wa bodi ya kwanza, ya 5 kwenye ukingo wa pili. Inachosha, lakini kazi inatoka safi. Tundu la ukingoni likae katikati kabisa ya unene, milimita 9 kwa bodi ya 18, na usisogelee mwisho wa bodi chini ya sentimita 5.

Kasoro yake ni mbili. Vichwa vinaonekana, ingawa vizibo vya plastiki na stika za rangi ya bodi vinauzwa. Na kila ukiifungua, uzi uliochongwa ndani ya bodi unalika kidogo. Ukiirudisha, izungushe kwanza kinyume, taratibu, mpaka uisikie imedondoka kwenye njia yake ya zamani, ndipo ukaze. Bila hivyo inachonga njia mpya juu ya ile ya kwanza, na mara ya tatu inazunguka bure.

Nafasi ya pili: minifiksi

Hili ndilo jibu la mpangaji, na kwa kabati la kuhamahama naliweka la kwanza. Bolti inafungwa kwenye uso wa bodi moja. Kichwa chake kinapita kwenye tundu la ukingo wa bodi ya pili na kukutana na kamu, kile kiduara cha chuma cha milimita 15. Ukizungusha kamu kwa bisibisi, inakinasa kichwa na kukivuta. Kufungua kabati unarudisha kamu tu, bolti inabaki palepale, kwa hiyo uzi wa kwenye bodi hauchoki.

Ugumu uko kwenye kutoboa. Tundu la kamu ni la milimita 15, kina kama 12.5 hadi 14 kutegemea unene wa bodi, na umbali wake kutoka ukingoni ni lazima ufanane na urefu wa bolti: 24 na 34 ndizo unazokutana nazo zaidi. Ukikosea milimita 2 kamu hainasi. Ukipitiliza kina kwenye bodi ya 16, ncha ya biti inatokea upande wa pili. Kwa hiyo funga kizuizi cha kina kwenye biti, au walau zungushia utepe wa karatasi wenye gundi kama alama. Pia weka dawali, vile vijiti vya mbao vya duara, za 8 kwa 30 pembeni ya kila kamu, kwa sababu kamu inavuta tu. Kinachozuia bodi isiteleze ni dawali.

Jaribu dukani kabla ya kulipa. Chomeka bolti kwenye kamu, zungusha kwa bisibisi. Nzuri inaanza kulegea kisha inakaza polepole kadiri inavyozunguka. Ile inayoshika ghafla, au mfereji wake wa bisibisi unaanza kumeguka mkononi mwako, irudishe kwenye boksi. Na nyumbani usiikaze kwa mashine. Kamu nyingi ni za aloi ya zinki, zinavunjika.

Nafasi ya tatu: kona za plastiki

Rahisi, haziombi biti maalumu, na anayeanza anazimudu. Unafunga kipande upande huu kwa skrubu mbili, upande ule vilevile. Kwa rafu na kabati dogo zinatosha. Kwa kabati refu la nguo siziamini, kwani linayumba, na skrubu fupi zikichomoka kwenye chipubodi hazirudi.

Kitanda na meza nzito ni habari nyingine. Huko chukua bolti ya M6 (unene wa milimita 6) na nati yake ya pipa, ile ya mviringo inayozama ndani ya mbao, mambo yaishe.

Ya mwisho: skrubu nyeusi za jipsamu

Ziko kila duka na mafundi wengi wanazipenda kwa sababu ni rahisi. Zilitengenezwa kushika bodi za jipsamu. Chuma chake ni kigumu lakini kinakatika upesi, na kichwa kikikatika ndani ya ukingo wa bodi hakuna bisibisi itakayokisaidia. Kama huna budi kutumia skrubu ya kawaida, omba ya chipubodi, 4 kwa 50, na toboa kwanza.

Vifaa, kwa mpangilio wa kununua

Biti kwanza: ya ngazi kwa konfirmati, au ya duara ya milimita 15 kwa minifiksi. Ya 35 utaihitaji kwa bawaba za vikombe, zile za milango zenye kikombe kinachozama kwenye bodi, hiyo haikwepeki. Kisha skwea iliyonyooka kweli. Mashine ya kutoboa ya kawaida inatosha alimradi ina kirekebisho cha nguvu ya kukaza, na uanzie namba ndogo. Kiongozi cha chuma cha kutobolea ukingo ni cha anayetengeneza makabati mengi.

Usisahau mgongo. Kabati lolote la viungio hivi likikosa hadibodi ya milimita 3 nyuma litalala upande hata ukaze vipi.

Ukinunua minifiksi, ongeza seti kadhaa za akiba kutoka boksi hilohilo, kwa sababu bolti ya kampuni moja mara nyingi haikubali kamu ya nyingine.