Wi-Fi haifiki chumba cha mwisho: ununue nini kwanza?

Kabla ya kutoa hela, pima. Chomeka kompyuta kwenye ruta kwa waya, kisha pima kasi. Kama unalipia kifurushi cha megabiti 20 kwa sekunde na kwa waya unapata 19, intaneti yako ni nzima, na kinachokusumbua ni kuta. Kama hata kwa waya unapata 6, hakuna kifaa cha dukani kitakachokusaidia. Wasiliana na kampuni inayokupa huduma. Kumbuka pia kwamba megabiti 8 ni megabaiti 1, kwa hiyo kifurushi cha 20 hupakua faili kwa megabaiti 2.5 hivi kila sekunde. Hujaibiwa.

Kisha itoe ruta nyuma ya televisheni au juu ya friji, uiweke katikati ya nyumba, juu kidogo ya kimo cha meza. Chuma na zege yenye nondo huyazuia mawimbi vibaya sana. Ruta nyingi hutoa mawimbi ya bendi mbili. Ya 2.4 GHz hupenya kuta vizuri zaidi ila hugongana na ya majirani; kwenye nyumba za ghorofa chagua chaneli 1, 6 au 11, ile yenye msongamano mdogo. Ya 5 GHz yana kasi kubwa lakini huchoka upesi yakikutana na kuta. Kama hayo yote hayakutosha, nunua kwa mpangilio huu.

1. Waya na aksesi pointi. Hili ndilo chaguo la kwanza, na kwa nyumba nyingi halina mpinzani. Waya hupeleka intaneti hadi chumba cha mbali bila kupoteza kasi, halafu aksesi pointi, kifaa kinachogeuza intaneti ya waya kuwa Wi-Fi, huitawanya hukohuko. Waya wa daraja la Cat5e wa shaba tupu hupitisha gigabiti 1 hadi mita 100, kiasi kinachozidi mahitaji ya nyumba. Chukua Cat6, daraja la juu yake, kama unafukia waya ukutani na hutaki kubomoa tena.

Angalia sana maandishi CCA kwenye boksi au ganda. Maana yake ni alumini iliyopakwa shaba. Kwangua uzi mmoja kwa kisu: ukiona rangi ya fedha ndani, uache. Alumini hukatika ikikunjwa, na hupata joto ukiitumia kupitisha umeme wa kamera au wa aksesi pointi. Bei yake ya chini utailipa siku ya kufukua ukuta.

Kwenye vichwa vya RJ45, vile vya plastiki vya ncha za waya, panga nyuzi hivi pande zote mbili: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Gigabiti inahitaji nyuzi zote 8. Uzi mmoja wa buluu au kahawia usiposhika, mara nyingi kasi hushuka hadi megabiti 100 na taa zinaendelea kuwaka kama kawaida, kwa hiyo mwambie fundi apime kwa testa kabla hajaondoka.

Una ruta ya zamani kabatini? Huenda hata aksesi pointi usinunue. Kama ruta kuu inatumia anwani 192.168.1.1, ipe ya zamani 192.168.1.2, zima DHCP yake (kazi ya kuvigawia vifaa anwani), kisha chomeka waya kwenye tundu la LAN (la vifaa vya nyumbani), si la WAN (la kuingizia intaneti). Jina na nywila ziwe zilezile, chaneli iwe tofauti. Ukisahau kuzima DHCP, ruta mbili zitagawa anwani kwa pamoja, na simu nyingine zitaonyesha zimeunganishwa huku hazifungui chochote.

2. Meshi. Inafaa nyumba ya kupanga ambako mwenye nyumba hataki kuta zitobolewe. Vifaa viwili au vitatu huwasiliana vyenyewe kwa mawimbi. Nunua yenye bendi tatu kama uwezo upo, ili bendi moja ibaki ya mawasiliano kati ya vifaa hivyo. Hakikisha vina matundu ya waya, maana ukija kuviunganisha kwa waya vitafanya kazi vizuri zaidi.

3. Kiongeza mawimbi cha kuchomeka ukutani. Ni rahisi, lakini cha bendi moja hupokea na kutuma kwa redio ileile, hivyo kasi hupungua karibu nusu. Kosa la kawaida ni kukichomeka kwenye chumba kisicho na mtandao. Kiweke katikati ya njia, mahali simu bado inapata mawimbi mazuri. Kwa ujumbe na kuperuzi kinatosha. Kwa mikutano ya video, hapana.

4. Ruta kubwa yenye antena nyingi. Usianzie hapa. Ruta inaweza kupiga kelele hadi uani, lakini simu yako ina redio dhaifu na jibu lake halitarudi. Inunue tu kama ya sasa ni ya zamani na haina 5 GHz.

Kwa nyumba mbili zilizotengana uani, usipitishe waya wa shaba nje kiholela, kwani radi ikipiga karibu huunguza vifaa vya pande zote. Tumia faiba, au antena mbili zinazotazamana.

Umeme ukikatika, UPS ndogo ya DC, yaani betri ya akiba, huweza kuwasha ruta na kisanduku cha faiba kwa pamoja. Soma kwanza adapta zake: volti lazima zilingane, 12 kwa 12 au 9 kwa 9, na ampea za UPS ziwe sawa na jumla ya vifaa vyote au zaidi.