Chama cha mvinyo wa nyumbani kaskazini mwa California: ada inarudi wapi?

Anayeishi kati ya Sacramento, Lodi na vilima vya Sierra hana shida ya zabibu. Zinfandel ya Lodi na Barbera ya Amador ziko jirani, na sheria ya Marekani inairuhusu nyumba yenye mtu mzima mmoja kutengeneza hadi galoni 100 za mvinyo kwa mwaka. Wakiwa wawili au zaidi, kikomo ni galoni 200, yaani kama lita 757. Hakuna kodi, ilimradi usiuze hata chupa moja. Kinachokwamisha ni vyombo: mashine ya kuponda, ya kukamua, pampu, vipimo. Hapo ndipo vyama vya watengenezaji wa nyumbani vinapoingia, na Waswahili wanaoishi huku wanaofikiria kujiunga huuliza jambo moja tu: ada inarudi?

Inarudi, ila si pale wengi wanapotazamia. Watu huvutwa na mashine kubwa zilizo stoo. Kwa tathmini yetu mashine hizo ndiyo huduma yenye usumbufu mwingi kuliko zote, na kinachostahili ada ni meza ya vipimo pamoja na jioni za kuonja.

Tuanze na mashine hata hivyo. Ya kuponda ina rola mbili za mpira, na chini yake pipa lenye matundu na mhimili wa makasia unaotupa vikonyo nje. Yenye mota humaliza tani moja kwa saa moja hivi, mradi anayelisha asiwe na papara. Ukimwaga kreti nzima kwa mara moja, vikonyo vinakatika na kupita pamoja na maganda, na mvinyo unakuja na ukali wa majani mabichi. Kagua nafasi kati ya rola kabla ya kuwasha. Zikibanana mno zinavunja mbegu, na uchungu wa mbegu hautoki tena. Zikiachana kidogo, punje chache zinabaki nzima, na hilo halina madhara.

Mashine ya kukamua huwa ya aina mbili. Ya zamani ni kikapu cha mbao chenye parafujo na mpini. Ya kisasa ina puto la mpira katikati, linalojazwa maji ya bomba la bustani na kuyabana maganda yaelekee ukuta wa chuma wenye matundu. Hii ya puto ndiyo tunayoipendelea: inabana taratibu, kwa kawaida shinikizo lisizidi baa 3, na machicha yanatoka makavu bila kusaga mbegu. Ina sharti moja ambalo mara nyingi halimo kwenye karatasi ya maelekezo ya chama: lazima ijae. Ukiweka maganda nusu, puto linatanuka kupita kiasi na kupasuka, na puto jipya si rahisi kulipata katikati ya msimu. Mwenye zabibu chache aungane na mwenzake mwenye aina ileile, au achukue kikapu cha mbao. Kikapu nacho hakitakasiki kabisa, maana mbao zinanyonya.

Usumbufu tunaousema unatokana na kalenda. Chama kikinunua zabibu kwa pamoja, zote zinafika siku moja, zinapondwa siku moja, na baada ya siku 7 hadi 10 kila mtu anataka kukamua Jumamosi ileile. Katibu mzuri hupanga zamu kwa kuangalia mvinyo wenyewe, wala si kwa aliyewahi kupiga simu. Mweupe unatangulia daima, kwa sababu hukamuliwa siku ileile ya kuponda na hauvumilii kusubiri. Mwekundu uliokwisha sukari unaweza kukaa na maganda yake siku kadhaa zaidi, chombo kikiwa kimefunikwa vizuri na gesi ya uchachushaji bado imelala juu. Tabaka la maganda likishaanza kuzama, muda umekwisha. Asiyekuwa na zamu siku hiyo akamue hata kwa mfuko wa nailoni na mikono. (Kule Dodoma, ambako zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, mashine ya pamoja ya namna hii ingefanya kazi misimu miwili badala ya kulala stoo miezi kumi.)

Usafi ndio unaotenganisha chama cha kuaminika na chama cha kukimbiwa. Pampu na mipira yake ya kupitishia mvinyo inayozunguka nyumba kumi na tano huzungusha pia vijidudu vya nyumba zote hizo. Utaratibu unaofaa ni huu: suuza mara tu baada ya kutumia, kabla sukari haijakauka, loweka kwa sodiamu pakaboneti, kama gramu 4 kwa lita ya maji ya moto, kwa dakika 20, suuza tena, malizia na maji yenye gramu 10 za metabisalfaiti ya potasiamu (unga wa salfa unaozuia vijidudu) na gramu 10 za asidi ya sitriki kwa lita. Hatua ya mwisho ifanyikie nje, maana moshi wake unakaba kifua. Ukikuta dawa ya klorini ya kufulia kwenye rafu la chama, uliza ni ya nini. Klorini ikikutana na mbao au vizibo na ukungu kidogo, huzaa harufu ya boksi lililolowa, na harufu hiyo haina tiba. Mapipa ya mwaloni yanayorithishwa kutoka mwanachama hadi mwanachama tungeyakataa yote ambayo hatujayanusa. Hamira mbaya ya Brettanomyces hujichimbia ndani ya mbao, mbali na pale sabuni inapofika, na harufu yake ya plasta na zizi la farasi huingia katika kila mvinyo utakaofuata.

Ununuzi wa zabibu kwa pamoja ni huduma nzuri kwa bei. Wakulima hupendelea kuuza kwa sanduku la nusu tani, mzigo ambao mtu mmoja hauwezi. Kilo 45 za zabibu nyekundu hutoa kati ya lita 26 na 30 za mvinyo uliokamilika, basi piga hesabu kabla ya kuandikisha jina. Tahadhari yetu kubwa ni Zinfandel. Kichala chake hakiivi sawasawa: utakuta punje za kijani, zilizoiva na zilizokauka kabisa juu ya kikonyo kimoja. Ukipima sukari siku ya kuponda unapata, tuseme, Briksi (asilimia ya sukari kwa uzito) 24.5, na kila mtu anafurahi. Baada ya saa 24 hadi 48 zile punje kavu zimelowa na kuachia sukari yake, na kipimo kinasoma 27. Asiyepima mara ya pili atashangaa Oktoba kwa nini hamira imekufa na utamu bado upo. Dawa yake ni maji: kuteremsha lita 100 za juisi kutoka 27 hadi 24.5 kunahitaji kama lita 10, yakiwa na gramu 6 za asidi ya tatariki kwa kila lita ili ukali usipungue. Chama kinachosimamia zabibu hizi bila kuwakumbusha wanachama kipimo cha pili kimefanya nusu ya kazi.

Vifaa vidogo vinavyonunuliwa kwa jumla ni suala la tarehe. Pakiti ya hamira ya gramu 5 inatosha lita 23 hivi. Chama kikinunua ya gramu 500 na kuigawa, bei inashuka sana, lakini iliyofunguliwa hunyonya unyevu na kudhoofika. Chukua ya msimu huu tu. Metabisalfaiti nayo hupoteza nguvu hata ndani ya kopo, kwa hiyo kopo la mwaka jana litumike kuoshea vyombo. Mashine ya vizibo ya kusimama sakafuni inatosha kuazima mara moja kwa mwaka. Chujio la pampu huombwa na wengi, nasi hatulipendi: mvinyo uliojaa mashapo unaziba karatasi zake kabla ya lita kumi. Subira na kuhamisha dumu hadi dumu hufanya kazi hiyohiyo bila gharama.

Sasa meza ya vipimo. Hapa ndipo mtu wa nyumbani peke yake hashindani na chama.

Kipima pH (namba ya ukali: ikishuka, ukali umezidi) kinahitaji kusawazishwa kwa vimiminika vya 4 na 7 kila kinapotumika, na ncha yake ihifadhiwe kwenye maji ya kloridi ya potasiamu. Ikilowekwa kwenye maji yaliyotoneshwa inaharibika polepole na kuanza kusema uongo. Kwa ukali wa jumla, sampuli ya mililita 5 hutikiswa au kupashwa moto ili gesi itoke, kisha sodiamu haidroksaidi ya nguvu 0.1 hudondoshwa hadi pH 8.2. Kila mililita iliyotumika ni gramu 1.5 za asidi kwa lita. Hitilafu ya kawaida ni chupa ya haidroksaidi iliyokaa wazi: hunyonya kaboni dioksaidi ya hewani, inadhoofika, inahitajika nyingi zaidi, na mvinyo unaonekana mkali kuliko ulivyo. Mtu anapunguza asidi isiyokuwepo.

Kipimo cha thamani kuliko vyote ni cha salfa huru, yaani ile ambayo haijanaswa na vitu vingine na bado inaulinda mvinyo, kwa chombo cha vioo kinachopitisha hewa. Mililita 20 za mvinyo huongezwa asidi ya fosforiki, pampu ndogo husukuma hewa kwa dakika 10, na salfa inayochomoka hunaswa na peroksaidi ya haidrojeni ya asilimia 0.3. Kisha unadondosha sodiamu haidroksaidi ya 0.01 na kuzidisha mililita zilizotumika kwa 16. Jibu ni miligramu kwa lita. Ampuli za dukani, vichupa vyenye dawa ya kupimia salfa, ni rahisi, na kwa mvinyo mweupe zinasaidia, lakini kwa mwekundu rangi na tanini huzifanya zisome juu kuliko ukweli. Mtu anaamini ana salfa 30 kumbe ana 15, na miezi sita baadaye mvinyo una rangi ya kutu.

Namba hiyo haina maana bila pH. Kwa mvinyo mweupe wa pH 3.2, salfa huru ya miligramu 21 hivi kwa lita inatosha. Kwa pH 3.5 unahitaji kama 40, na kwa 3.8 karibu 80. Mwekundu unaridhika na pungufu, kama 25 kwa pH 3.5. Gramu moja ya metabisalfaiti kwenye dumu la lita 19 huongeza takriban miligramu 30 kwa lita. Vyama vizuri hubandika jedwali hili ukutani. Vingine bado hufundisha "kijiko kwa dumu", na hapo unajua walimu wenyewe hawapimi.

Kromatografia ya karatasi huonyesha kama bakteria wamekwisha kugeuza asidi kali ya maliki kuwa ya laktiki, iliyo laini zaidi. Matone ya mvinyo huwekwa chini ya karatasi, karatasi inasimamishwa kwenye kimiminika chenye harufu ya kukimbiza wageni, kinapanda kwa saa kadhaa, kisha inakauka usiku kucha. Madoa ya njano hujipanga: tatariki chini, maliki katikati, laktiki juu. Doa la maliki likiwa bado lipo, usitie salfa na usifunge chupa, la sivyo bakteria watamalizia kazi ndani ya chupa na kutoa gesi. Mara nyingi kinachowazuia ni baridi chini ya nyuzi 18 au salfa iliyotiwa mapema. Ni kipimo cha bei ndogo, lakini kukifanya jikoni kwa sampuli moja ni taabu. Kwa sampuli kumi na mbili kwenye karatasi moja ni kazi ya jioni moja.

Jioni za kuonja zinategemea uungwana wa watu, na uungwana ukizidi zinaharibika. Pale chupa zinapofichwa kwenye mifuko ya karatasi na kupewa alama kwa mizani ya pointi 20 iliyobuniwa na Maynard Amerine na wenzake wa chuo kikuu cha Davis, unasikia ukweli. Siki ina pointi zake peke yake, kwa hiyo haiwezi kufichwa nyuma ya rangi nzuri. Pale kila chupa inapotambulishwa na mwenyewe, wote husema "safi sana" na kwenda nyumbani.

Chama makini hutenga kikao kimoja kwa kasoro tu. Jaribio la shaba ndilo la kwanza kujifunza: mvinyo unaonuka yai viza unagawiwa glasi mbili, moja inatiwa kipande safi cha shaba. Harufu ikitoweka, ni salfaidi ya haidrojeni, na tiba ya mapema ni kuuhamisha mvinyo kwa kuurushia hewa. Ikibaki, imekwisha kuwa daisalfaidi, na itahitaji asidi ya askobiki (vitamini C) kwanza ndipo shaba ifanye kazi. Glasi yenye shaba humwagwa, hainywewi.

Tungemshauri nani asijiunge? Anayetengeneza lita 20 kwa mwaka kutoka juisi ya ndoo: hana cha kuponda wala kukamua, na kipima pH chake kinamtosha. Kwa anayenunua kuanzia kilo 100 za zabibu, ada ni nafuu hata kama hatagusa mashine moja. Kabla ya kulipa omba kutembelea stoo siku ya kawaida, isiyo ya wageni. Nusa mipira ya pampu, tazama puto kama lina nyufa, kisha uliza nani anayeshughulikia meza ya vipimo na peroksaidi iliyomo kwenye friji ilinunuliwa lini.