Droo za nyuma ya pikapu kwa anayevuta trela la kulala: pima jeki kabla hujalipa

Seti ya droo mbili za kufunga kwenye bodi ya pikapu huuzwa kwa hoja moja: hutapanda tena nyuma kupekua mzigo. Pikapu ikiwa peke yake, hoja hiyo haina ubishi. Ukishafunga trela la kulala, mambo yanabadilika, na wauzaji wengi hapo hunyamaza.

Mlango wa nyuma ukishushwa unalala juu ya mkono wa trela, yaani chuma cha mbele kinachofungwa kwenye pikapu. Kitu cha kwanza unachogonga ni kichwa cha jeki ya mbele ya trela, hasa ya umeme, maana ile haina mpini wa kuchomoa. Hata mlango ukipita salama, droo ya mita 1.2 ikivutwa inakwenda moja kwa moja kwenye mitungi ya gesi iliyofungwa mbele ya trela. Kwa hiyo kabla ya kununua, funga trela, simamisha vyote viwili kwenye mstari mmoja, kisha pima kutoka bawaba za mlango hadi jeki, na kutoka mdomo wa bodi hadi mitungi. Gari likiwa bondeni nafasi hiyo hupungua zaidi, basi jiachie sentimita kadhaa za ziada.

Droo ikifunguka nusu tu, ile nusu ya ndani ihesabu kuwa ghala la kambini. Vitu vya njiani vinatakiwa vifikike bila kufungua mlango wa nyuma: kompresa, vifaa vya pancha, spana ya nati za magurudumu, kamba ya kuvutia na pingu zake za kuunganishia, glavu. Ndiyo maana droo bila kanopi (kifuniko kigumu cha bodi) yenye milango ya ubavuni ni matumizi mabaya ya pesa kwa mtu wa trela. Kabari za matairi na vipande vya mbao vya kuwekea jeki viwe mdomoni kabisa mwa droo, kwa sababu hivyo vinatoka kabla trela halijafunguliwa.

Sasa uzito, ambako wengi huumia bila kujua. Trela la kilo 2,500 lililopakiwa vizuri huegemeza asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake kwenye ndoano ya pikapu. Tuchukue 12, ni kilo 300. Pikapu inayoruhusiwa kilo 700, watu na mizigo pamoja, inabakiwa na 400. Toa watu wawili kilo 150, kanopi 70, droo tupu 100. Zimebaki kilo 80, na hujaweka hata sufuria. Maboksi ya plastiki yenye vifuniko, pamoja na mikanda ya kukaza, hayana sura ya kifahari, lakini huokoa kilo nyingi kati ya zile 100. Kama hesabu yako imebana namna hii, sahau droo.

Tena ndoano iko nyuma ya ekseli. Ekseli zikiwa umbali wa mita 3.2 na ndoano imechomoza mita 1.2 nyuma ya ekseli ya nyuma, zile kilo 300 zinaikandamiza ekseli hiyo kwa takriban kilo 412, huku ya mbele ikipunguziwa 112. Usukani unakuwa mwepesi na taa zinamulika juu. Dawa ni mzigo mzito ukae chini, karibu na kabini. Lakini huko ndiko droo isikofikika! Suluhisho linalofanya kazi ni kuweka huko vitu vizito visivyoguswa kila siku: beringi na sili za akiba za magurudumu ya trela, grisi, mnyororo. Maji yakae kwenye tangi bapa nyuma tu ya kabini, si kwenye droo.

Kwenye reli usidanganywe na ulaini wa dukani. Reli za kukunjuka zenye gololi ndogo zilizopakwa grisi hukusanya vumbi hadi grisi inageuka msasa. Kwa barabara za vumbi, beringi kubwa zilizo wazi, zinazofutika kwa kitambaa, zina maisha marefu. Zipulizie kilainishi kikavu tu. Hakikisha droo inajifunga ikiwa imeingia na ikiwa imetoka pia. Isiyojifunga ikitoka itakurudia kwenye vidole gari likiwa limeinamia mbele.

Kufunga kunataka subira. Chungulia chini ya bodi kwanza: tangi la mafuta, mabomba ya breki na nyaya hupita huko. Tumia matundu ya kiwandani yakiwepo. Ukilazimika kutoboa, paka rangi kingo za tundu, weka bolti za M8 (unene wa milimita 8) zenye nati za chuma zilizo na pete ya nailoni ndani na bamba pana upande wa chini. Nati za ribiti, zile zinazobanwa ndani ya tundu, kwenye bati jembamba hulegea kwa mtikisiko, tundu hupanuka, kisha nati inazunguka na bolti bila kukaza wala kufunguka. Kaza upya baada ya kilomita 100 za kwanza za barabara mbovu. Pete za kufungia mzigo juu ya droo zishike fremu ya chuma. Zikishika plaiwudi peke yake zitang'oka na mbao yake.

Vumbi huvutwa ndani na hewa inayozunguka nyuma ya gari. Ziba mlango wa nyuma kwa mpira, hasa pengo la chini karibu na bawaba, kisha fungua tundu la hewa juu mbele ya kanopi ili shinikizo la ndani lizidi la nje. Kuziba pekee hakutoshi.

Petroli, jenereta na mtungi wa gesi visiingie kwenye droo wala kanopi iliyofungwa; mvuke hutuama chini na cheche moja ya friji inatosha. Jerikani za petroli ziteremshe ardhini kabla ya kuzijaza. Zikijazwa juu ya bodi yenye zulia la plastiki, umeme tuli hauna pa kutokea.